Zidaka na Vilivyomo: Nyumba za Kale katika Jicho la Ushairi

Mtu akiuliza ni nyumba gani za kale za mwambao zinazostahiki kuzuriwa, haraka hupewa orodha: nyumba ya Kiswahili ya Lamu iliyofanywa makumbusho, majumba ya masultani ya Forodhani, magofu ya Mtoni na Maruhubi, mji uliohamwa wa Gedi, Songo Mnara huko kusini. Orodha hiyo ni ya haki. Kasoro yake ni kwamba humpeleka mgeni kutazama kuta, milango na nakshi, kisha ikamrudisha forodhani kabla hajauliza nani alilala wapi, nani alipika, na nani aliruhusiwa kupita mlango upi. Kwa maswali hayo, sisi wapenzi wa tungo tunao mashahidi ambao wasanifu majengo hawanao. Waliozijua nyumba hizi zikiwa na watu ndani yake waliziimba.

Sina budi kuanza na ungamo. Al-Inkishafi nilifundishwa miaka mingi kabla sijatia mguu katika nyumba ya mawe ya Kiamu, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiisoma vibaya. Tulipofika kwenye beti za zidaka tuliambiwa kuwa ni vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu. Nami nikajichorea akilini kishubaka kimoja, kama kile cha nyumbani kwetu kilichokuwa kikiwekwa koroboi, na moshi umekitia weusi pembeni. Mtu mwenye picha hiyo hawezi kujua Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaomboleza nini.

Basi na tuingie nyumbani kwanza, utungo utafuata.

Nyumba ya mungwana wa Lamu ya karne ya 18, kama zile zilizobaki Mkomani upande wa kaskazini wa mji, haijionyeshi kwa mpita njia. Usita wake ni mwembamba, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kungoja. Ukuta ni mrefu, mtupu, hauna madirisha ya kusemwa. Kinachoonekana ni daka, yaani kipaa cha mlangoni chenye viti vya mawe kulia na kushoto, na mlango wa mbao wenye bao mbili. Hapo darakani ndipo wanaume walipoketi, wakapokea habari za vyombo vilivyotia nanga na kujibizana mashairi. Mgeni asiye wa karibu hakuvuka hapo. Na hata mlango ukiwa wazi jicho halifiki mbali, kwa maana ukishaingia tekani njia hupinda kabla ya kukufikisha kiwandani, penye uwazi wa anga katikati ya nyumba.

Kutoka kiwandani ndipo nyumba inapoanza kusema. Mbele yako vipo vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na mara nyingi nyuma ya ndani ipo nyumba ya kati. Kila ukipanda kwenda kingine sakafu huinuka kidogo, na mwanga hupungua. Wembamba wa vyumba hivyo haukuwa matakwa ya mtu. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi ya zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi; mwenye mali nyingi aliweza kurefusha chumba apendavyo, wala hakuweza kukipanua. Mawe yalikatwa Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa vyombo. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni. Hivyo mpaka wa ukubwa wa nyumba ya tajiri na ya mwenye kipato cha wastani uliwekwa na mti wa kule kwenye matope ya maji ya chumvi. Kwa hiyo utajiri ulitafuta njia nyingine ya kujionyesha, nayo ilikuwa ukuta.

Hapo ndipo penye zidaka. Ukisimama kiwandani ukatazama ndani kabisa, kupitia nafasi za misana miwili, macho yanatua juu ya ukuta uliojaa vijumba vidogo vidogo vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake na nakshi yake. Ukuta mzima, kutoka usawa wa kiuno mpaka karibu na dari. Ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizotoka China na kwingineko, misahafu, na vitu vya tunu. Wapo wasemao kwamba ukuta huo ulikuwa pia kinga, kwamba jicho la husuda likiingia nyumbani litanaswa na kaure kabla halijamfikia mwari au mzazi aliyelala chini yake. Nadhani maelezo hayo yana uzito, kwa sababu ndani ndiko walikozaliwa watoto na ndiko bibi harusi alikoonyeshwa, na ilipotokea msiba maiti alioshwa huko huko nyuma, penye nyumba ya kati. Uzazi, ndoa na kifo, vyote vitatu katika sehemu moja ya nyumba yenye giza kuliko zote, mbele ya ukuta unaong'aa kuliko zote.

Na tusiache kutaja birika la chooni, ijapokuwa si desturi ya makala ya fasihi kukaa chooni. Humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika palijengewa sahani ya kaure, ili maji yakikauka samaki wabakiwe na kidimbwi chao. Kaure ile ile ya China. Nyumba iliyofikiria hali ya samaki wa birikani siku ya ukame si nyumba ya watu wa majivuno matupu. Nayasema haya kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yatakayonifikisha kwenye ugomvi wangu na wasomaji wengi wa Al-Inkishafi.

Utungo huo ni wa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate, iliyokuwa dola yenye nguvu, ilikuwa imekwisha kuporomoka. Umehaririwa na kutafsiriwa zaidi ya mara moja, na William Hichens mwaka 1939 na James de Vere Allen mwaka 1977 miongoni mwa wengine. Kawaida husomwa kama wa'dhi: dunia ni udanganyifu, matajiri wako wapi leo, ewe moyo zinduka. Hivyo ndivyo ulivyo, hakuna anayekana. Mshairi anausemesha moyo wake na kuukaripia. Lakini wa'dhi pekee hauhitaji orodha ya vyombo. Mtu atakaye kutuambia kuwa dunia inapita angeweza kutosheka na makaburi. Sayyid Abdalla yeye anaingia nyumbani. Anatuonyesha kwanza taa za fuwele na za shaba zilizoufanya usiku uwe mchana, kisha kaure, kisha miti ya kutundikia nguo, kisha kumbi za wanaume na sauti za wanawake huko ndani, kisha vitanda vya msaji na mito kichwani na miguuni. Baada ya mauti kupita, anarudi katika nyumba hiyo hiyo, mahali pale pale. Katika zidaka zilimokuwa kaure sasa yamo makinda ya ndege wa mwituni. Penye mazungumzo ya waume pana nyenje. Kiwanda kimeota miba.

Msomaji aliyewahi kusimama katika nyumba ya mawe atatambua kwamba haya hayakutungwa na mtu aliyepita nje. Mshairi anajua sauti gani hutoka chumba gani. Anajua kwamba kumbi za mbele huvuma na kwamba kicheko hutoka nyuma. Anajua giza la ndani lilivyokuwa hata nyumba ilipokuwa na watu, ndiyo sababu anaweza kutuambia kuwa sasa mchana wake umekuwa wa kuogofya. Na muundo wa beti unamsaidia: mishororo mitatu yenye kina kimoja, kisha wa nne unaorejea kwenye kina cha utungo mzima, mara kwa mara, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila ubeti una vyumba vitatu na kisha ukuta ule ule. Sisemi kwamba alikusudia hivyo. Nasema kwamba nilipourudia utungo jioni ile, baada ya kutoka nyumbani mle, sikuweza tena kuusikia vinginevyo.

Kwa hiyo ninapinga usomaji unaomfanya Sayyid Abdalla mhubiri anayeidharau nyumba. Ulimi wake unahukumu, lakini jicho lake linatamani. Aliyevidharau vitu havitaji kwa uangalifu namna hiyo, kimoja baada ya kingine, kila kimoja mahali pake. Yumkini alikuwa akijilaumu kwa mapenzi yake, na moyo anaoukaripia ni ule ule unaokumbuka idadi ya mito kitandani. Huo ndio mvutano unaoufanya utungo uishi karne mbili, ilhali nyaidha nyingi za zama zake zimekwisha kusahauliwa.

Kuna shahidi wa pili, naye alikuwa ndani. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyefariki miaka miwili kabla. Anamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi. Utenzi huo umezozaniwa sana, na wanaouchukia wana sababu zao: mafunzo yake juu ya utiifu wa mke kwa mume hayasomeki leo bila kukunja uso. Ila ukiusoma kama ramani ya nyumba unageuka kuwa kitu kingine. Sayyid Abdalla huona vyombo. Mwana Kupona huona kazi. Kitanda kwake ni kitu cha kutandikwa, asumini ni ya kutungwa, mtu aliyelala ni wa kupepewa na wala hastahili kuamshwa, nyumba ni ya kufagiwa na kuwekwa nadhifu. Lile giza tulivu la ndani ambalo mgeni wa leo husifu ubaridi wake lilikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Wala nyumba zenyewe mara nyingi hazikuwa za waume. Katika desturi ya Lamu, baba alimjengea binti yake, mara nyingi ghorofa juu ya ghorofa, na mume ndiye aliyehamia. Pale unapoona wikio, kile chumba kinachovuka juu ya usita kutoka nyumba moja hadi ya pili, tazama juu yake kwa heshima: kilimwezesha mwanamke kwenda kwa jamaa zake bila kukanyaga njia. Mji wa wanaume ulikuwa chini, wa wanawake ulikuwa juu.

Mwana Kupona pia anamtaja mtu ambaye nyumba za maonyesho hazimtaji vya kutosha. Anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Onyo hilo ni ushahidi mkubwa kuliko alivyodhani. Halionywi jambo lisilotokea. Nyumba hizi zilijaa watu wasiokuwa waungwana: waliopanda na maji, waliotwanga, waliopepea, waliochoma chokaa, waliolala vyumba vya chini pamoja na bidhaa. Jiko lilikuwa juu, penye paa la makuti, ili moshi ujiendee zake; kila ndoo ya maji na kila mzigo wa kuni ulibebwa na mtu juu ya ngazi zile zenye vipandio virefu. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, tarehe ambazo si za mbali na vitanda tunavyovistaajabia. Nimeongozwa katika nyumba kadhaa za kale za mwambao huu, na mara nyingi waongozaji, watu wa adabu na maarifa, walinionyesha zidaka kwa robo saa na jiko kwa nusu dakika. Kitanda cha bibi harusi kina maelezo. Kinu kinasimama pembeni kama pambo. Na Al-Inkishafi nayo haina haki ya kujitetea hapa: sauti za watumishi zinasikika ndani yake kama sehemu ya shangwe ya nyumba, kisha zinanyamaza pamoja na shangwe, wala mshairi haulizi walikwenda wapi.

Unguja ni mambo mengine. Nyumba za Mji Mkongwe zilichanganya Oman, Uhindi na pwani, na nyingi zina duka mbele na familia juu. Hazifichi biashara yake kama zile za Lamu. Hata hivyo majumba ya kifalme yana bahati isiyo ya kawaida, kwani mmoja wa waliozaliwa humo aliandika. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Si mashairi, lakini mwenye kupenda mashairi ataona mara moja kwamba anasoma maombolezo. Ua wa Mtoni uliojaa tausi, paa na mbuni, hamamu, watoto wanaokimbizana, na baraza la duara lililoelekea baharini ambamo baba yake, Sayyid Said, alitembea huku na huko akichechemea kwa jeraha la vita. Leo Mtoni ni kuta zisizo na paa. Ukienda, nenda umekwisha kusoma. Usiposoma utaona mawe na minazi, na utarudi ukisema hakuna kitu.

Mfano wa kinyume ni nyumba ya Tippu Tip, pale Shangani. Mwenyewe alitusimulia maisha yake kwa Kiswahili, kitabu cha thamani kubwa kwa lugha yetu, lakini ni kitabu cha njia, pembe na vita vya bara. Nyumba aliyofia mwaka 1905 karibu haimo. Mlango wake mkubwa umebaki bila maneno.

Na Beit al-Ajaib je? Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, ikapigwa mizinga ya Waingereza pamoja na majirani zake tarehe 27 Agosti 1896 na ikasimama. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu ya mbele na mnara wake viliporomoka, na watu wawili walifariki. Siku zile nilisikia wengi wakisoma beti za Al-Inkishafi kwa moyo, kana kwamba Sayyid Abdalla alikuwa amelitabiri lile. Mimi sikupendezwa. Kwake Pate ilianguka kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kwa kughafilika kwa watu. Boriti iliyooza, mvua inayoingia darini na chokaa iliyosahauliwa ni mambo ya fundi, bajeti na uangalizi, na si haki kuyafunika kwa beti nzuri. Wapo waliofiwa.

Gedi nitaipita upesi, ingawa mwaka 2024 imeingizwa katika Urithi wa Dunia na inastahiki siku nzima. Jambo moja tu la kuwasumbua washairi. James Kirkman na wenzake walipochimba huko kuanzia mwaka 1948, majina ya wenye nyumba yalikuwa yamepotea, basi nyumba zikaitwa kwa kilichookotwa ndani: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Watu wakasahauliwa, mkasi ukabaki na nyumba yake. Hakuna utungo uliotufikia kutoka Gedi.

Hofu yangu kwa Lamu ni tofauti. Mji uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo mawe yake yamepanda bei. Nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni na kufanywa za kupangisha. Zimetengenezwa vizuri, nakiri, na nyingine zingekuwa kifusi. Lakini ndani pamekuwa chumba cha kulala cha mpangaji wa siku tatu, na zidaka zimewekwa mishumaa na mataulo. Nimeulizwa na kijana wa sekondari, aliyekulia mji huo huo, zidaka za kwenye utungo zilikuwa na umbo gani. Nyumba yao iliuzwa akiwa mchanga, na sasa ili aone ukuta ulioimbwa kwa lahaja ya mama yake inampasa apige hodi kwa mpangaji.

Nilimshauri aende Pate. Boti hutoka Lamu na kupita mkondo wa Mkanda, na hilo huwezekana maji yakijaa tu, kwa hiyo safari huamuliwa na bahari. Hushuka abiria Mtangawanda, kisha ni kwa miguu. Magofu ya mji wa kale yapo nyuma ya nyumba za leo, na katikati ya kuta zake watu wamelima tumbaku, majani mapana ya kijani palipokuwa misana. Baadhi ya zidaka bado zipo, chokaa yake imefanya kutu ya mvua, nakshi zikigusika kwa kidole. Nilimwambia achukue utungo, lakini asiufungue mpaka amekwisha kupima kwa mkono kina cha kidaka kimoja. Kwangu kiliishia karibu na kiwiko.